Kutoka Sange Hadi Kiliba na Baiskeli Iliyovunjika Shingo



Jumanne ya wiki iliyopita wengi wenu mlituona tukipita barabarani hapa Sange na baiskeli ya kikundi. Tulikuwa watatu: mama mwekahazina, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, na mwalimu anayewaandikia kwa jina la wote. Kiti cha baiskeli kilikuwa kimelala upande mmoja kama shingo ya kuku aliyekwisha kuchinjwa, tumekifunga kwa kipande cha mpira kisianguke njiani. Karibu na soko mtu mmoja alituita kwa sauti, "Wamama, kinga hiyo munaiuza?" Hatukumjibu. Tulikuwa na haraka, na pia tulikuwa na haya. Leo tunamjibu yeye pamoja na ninyi nyote.

Wasomaji wa mbali wasiotujua wajue kwanza kwamba kikundi chetu ni muso, kama zile nyingi za Kivu Kusini. Kila Alhamisi tunakaa chini ya mwembe, kila mama anatoa hisa yake, na pesa zinaingia katika masanduku mawili: la kijani ni la kukopeshana, jekundu ni la taabu, yaani ugonjwa, msiba na uzazi wenye matatizo. Kwa faida ya sanduku la kijani tulinunua baiskeli moja, si mpya, katika zile nyeusi ndefu za magurudumu ya 28, chuma kitupu, breki zake ni fito. Asubuhi inapeleka muhogo kwenye mashini ya kusaga. Siku ya soko inabeba mpunga. Na usiku, mama akishikwa na uchungu, tunamkalisha kwenye porbagaji juu ya kigodoro cha mtoto, mmoja anashika usukani, mwingine anashika mgongo wa mama, wanasukuma polepole mpaka kituo cha afya. Watoto wawili wa kikundi hiki walifika kituoni namna hiyo wakiwa bado tumboni, na leo wote wawili wanatambaa. Kwa hiyo baiskeli ikikaa ukutani, kila nyumba inajua.

Ilivunjika mara mbili. Mara ya kwanza kijana wetu alikuwa na magunia mawili ya muhogo mkavu. Alipovuka mfereji wa mashamba ya mpunga alisikia "tak!" chini yake, na kiti kikaenda nyuma. Kadre ilikuwa imepasuka shingoni, pale bulo inapokaba mguu wa kiti. Tulimpelekea sudere mmoja wa jirani mwenye kuchomelea kwa umeme wa jenereta. Alimwaga chuma juu ya ufa mpaka pakavimba kama jipu, tukalipa franka 8,000, tukashukuru. Siku tisa baadaye ikavunjika tena, pembeni kidogo ya lile jipu. Safari hii kijana alianguka na kupasuka kidevu. Tunaandika kwa aibu kwamba siku ile tulikimbilia baiskeli kwanza, kidevu baadaye.

Alhamisi iliyofuata tulikaa kuhukumu. Mmoja alisema kijana anabeba mizigo ya watu wengine kwa siri. Mwingine alisema vijana wa siku hizi wanaruka mashimo kwa kiburi. Tukaamua alipe franka 40,000. Kijana mwenyewe alisema neno moja tu: "Niliwaambia mguu wa kiti ni mfupi." Hakuna aliyemjibu. Mama yake ni mmoja wetu. Hakubishana. Alikwenda nyumbani, akarudi na kikwembe kipya, ambacho bado hakijashonwa, akakiweka juu ya meza kuwa rehani. Tulikitia ndani ya sanduku, tukafunga makufuli yote matatu. Tangu siku ile hakuonekana tena chini ya mwembe.

Sasa twende njiani.

Tuliondoka saa kumi na moja ya alfajiri, kabla ya jua. Mjomba wa mama mwekahazina alikuwa ametuambia kwamba Kiliba kuna mzee anayeponya kadre kwa gesi na shaba, namna ya zamani, na kazi yake hairudi. Kutoka Sange mpaka Kiliba kwa pikipiki si kitu. Kwa mguu, na baiskeli mgonjwa, na mtoto wa kunyonyesha, ni asubuhi nzima.

Anayeijua Plene, yaani tambarare hii ya Ruzizi, anajua kwamba saa ile ndiyo saa yake nzuri. Upande wa magharibi milima ya kwenda Itombwe ilikuwa bado nyeusi. Upande wa mashariki, ng'ambo ya mto, milima ya Burundi ilianza kupata ukingo mwekundu. Katikati ni sisi, chini kabisa, katika bonde ambalo mto Ruzizi unashuka kutoka ziwa Kivu kwenda ziwa Tanganyika. Baridi kidogo ilitoka mashambani. Vyura wa mpunga walikuwa hawajanyamaza. Baada ya saa mbili hivi utatafuta baridi hiyo hata kwa kununua.

Watu huandika juu ya barabara hii kwa habari za vita tu, au kwa lile lori la mafuta lililowaka hapa Sange mwaka 2010 na kuua watu zaidi ya 200. Hayo ni kweli na hatuyasahau. Lakini saa kumi na mbili ya asubuhi barabara ni ya baiskeli. Zinakuja kutoka mbele na kutoka nyuma: moja na mabido sita ya mafuta ya mawese, moja na miwa iliyofungwa kama kuni, moja na kuku walioning'inia vichwa chini wakitazama dunia kwa kichwa-chini, moja na baba, mama na watoto wawili. Tangu Sange mpaka Runingu tulihesabu 61, kwa sababu mwalimu hawezi kutembea bila kuhesabu. Pikipiki hatukuzihesabu, zilitutimulia vumbi tu.

Na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu tulikuwa tunatazama shingo. Tumeishi na baiskeli tangu utoto, lakini nani amewahi kuangalia mahali pale chini ya kiti? Asubuhi ile tuliangalia zote. Nyingi zilikuwa zimefungwa kitambaa cha mpira pale pale, kama mtu mwenye jeraha. Nyingine zilikuwa na uvimbe wa kuchomelea, nyingine uvimbe juu ya uvimbe. Mama mwekahazina alisema, "Kumbe ni ugonjwa wa Plene nzima." Tulicheka, lakini mmoja wetu aliuliza kwa sauti ndogo: "Na vijana wote hao, ni wenye kiburi?" Hakuna aliyejibu, tukaendelea kusukuma.

Kwenye bariere walitaka kujua tunabeba nini. Tukasema hatubebi kitu, baiskeli ndiyo mzigo. Askari mmoja aliinua kiti, kikamlalia mkononi, akaona haya, akatuachia tupite. Bure! Andikeni hilo.

Pale Runingu tulipumzika karibu na daraja. Mtoto alinyonya, sisi tulikula mikate na ndizi tulizobeba. Wasichana waliokuja kuchota maji walitushangaa: wamama watatu, wamejifunga vikwembe vizuri kama wanaokwenda harusini, na baiskeli iliyokufa. Mmoja alituamkia, "Shikamoo wamama, bwana mwenye kinga yuko wapi?" Mama mwekahazina alimjibu, "Bwana mwenye kinga ni sisi." Aliruka kwa kicheko, akamwaga nusu ya maji yake.

Baada ya Runingu jua lilianza kutupiga kwa kweli. Tuliacha kuzungumza. Sehemu hiyo ya njia hatuna la kusimulia, ila kwamba tulibadilishana mtoto na usukani kila baada ya muda, na kwamba mtoto ni mzito kuliko usukani.

Kiliba tulifika karibu saa sita. Ninyi wenye umri mnaikumbuka Kiliba ya sukari. Kiwanda kilisimama mwaka 1996 wakati wa vita, na ule mji mdogo uliokuwa ukiamshwa na king'ora cha kazi ukabaki na nyumba za wafanyakazi, miti mikubwa iliyopandwa kwa mstari, na chuma kingi chenye kutu. Kwenye ardhi iliyolisha miwa watu wamelima muhogo na mahindi. Lakini kiwanda kikifa hakizikwi na mikono ya watu. Waliofanya kazi katika karakana yake walikwenda na kazi yao nyumbani, wakawafundisha watoto wao. Mzee tuliyemtafuta ni mmoja wa watoto hao. Baba yake alichomelea mabomba ya kiwanda, yeye anachomelea kadre, sufuria na majembe.

Nyumba yake huwezi kuipotea kwa sababu ni nyeupe kuliko zote. Baadaye tulijua siri. Gesi yake anaitengeneza mwenyewe katika pipa, kwa mawe ya karabidi, yale ya kijivu yanayochemka yakiguswa na maji. Mawe yakiisha nguvu yanabaki matope meupe ya chokaa, na mke wake anayapaka ukutani. Hapotezi kitu yule mama.

Tulimsalimia, "Shikamoo mzee." Alijibu, akatupa kibao tukae, akamletea mtoto maji kabla ya kutazama baiskeli. Halafu akauliza, "Nani ameivunja?"

Tulijibu kwa pamoja kama darasa: "Kijana."

"Mulimwona?"

"Hapana, baba. Lakini ndiye anayeipanda."

Hakusema kitu. Alilegeza bulo kwa shida, maana ilikuwa imeliwa meno, akavuta mguu wa kiti nje na kuulaza juu ya mkeka. Ni ile fimbo ya bomba inayobeba kiti na kuingia ndani ya kadre. Akatuita tusogee. Chini ya fimbo palikuwa pameng'aa kwa kusuguliwa, na juu ya hapo palikuwa na vumbi na kutu. Aliweka vidole juu ya sehemu ile inayong'aa: vidole viwili.

"Hiki ndicho kilichokuwa ndani," alisema. "Vidole viwili. Kinatakiwa vidole vine, na ncha ishuke kupita pale bomba la juu linapoungana na hili la kusimama. Kijana wenu ni mrefu?"

Ni mrefu. Ni mrefu sana, tangu darasa la tano alikuwa akikaa nyuma ili wengine waone ubao. Akikaa chini magoti yanampiga usukani, kwa hiyo aliinua kiti, na fimbo yenyewe ilikuwa fupi, ya baiskeli nyingine. Tulinunua baiskeli hivyo hivyo. Na sasa tuseme lile ambalo kila mmoja wetu alikuwa analijua akiwa amesimama pale kwenye mkeka: mwezi wa tatu kijana alikuja kwenye kikao kuomba franka 7,000 za fimbo ndefu. Tulimwambia akae chini kama wengine.

Mzee alituuliza, "Nguzo ya nyumba munaichimbia kina gani?" Tukaonyesha mpaka kwenye goti. "Mukiichimbia kiganja kimoja tu, halafu mtu aiegemee kila siku, nini kinapasuka?" Udongo wa juu, tulisema. "Basi kadre ni udongo. Fimbo fupi inapigapiga mdomo wa bomba kila shimo. Bomba hili unene wake haufiki milimeta 2." Akatuonyesha pia jinsi porbagaji ilivyofungwa kwa bulo ile ile ya kiti. Magunia yakiruka, yanavuta shingo kwenda nyuma. Mtu akikaa, anaisukuma. Mahali pamoja, siku nzima, kwenda na kurudi.

Akaomba chaki. Hatujui alijuaje. Katika mkoba wa mwalimu chaki haikosi, na tulikuwa nayo nyeupe na nyekundu. Kwanza alikwangua rangi yote shingoni mpaka chuma kikawa kitupu. Akapaka petroli, ile ya taa, akangoja muda wa kunywa kikombe cha chai, akapangusa pakakauka kabisa. Halafu akapaka chaki nyeupe. Tulikaa tukitazama. Polepole, juu ya weupe ule, mstari wa kijivu ukaanza kujichora wenyewe, kwa sababu petroli iliyojificha ndani ya ufa ilikuwa inatoka. Ulianzia chini ya jipu la yule sudere wa kwanza, ukazunguka upande wa mbele, ukashuka mbali kuliko tulivyodhani. Miaka yote ya kufundisha hatujapata kuona chaki ikiandika bila mkono.

"Huku mbele sudere wenu hakufika," alisema. "Hakujua. Macho hayaoni." Hakumtukana mwenzake, na hilo tulilipenda.

Kisha akachukua msumeno wa chuma, akafungua ule ufa kidogo, akatuambia tuchungulie. Kingo za chuma zilikuwa na rangi mbili. Sehemu kubwa ilikuwa nyeusi-nyeusi kama tumbaku ya zamani. Kipande kidogo mwishoni kiling'aa kama sindano mpya.

"Hiki kinachong'aa ndicho kilichovunjika siku ya kuanguka. Hiki cheusi maji yamekiingia miezi mingi. Huu ufa ulikuwa unatembea polepole mchana na usiku mukiwa hamujui. Kijana alikuwa juu yake tu, siku ulipofika mwisho."

Tulinyamaza. Mtoto peke yake ndiye aliyekuwa anaongea lugha yake. Baadaye mama mwekahazina, ambaye ndiye mwenye ufunguo mmoja wa sanduku, alisema neno moja: "Kikwembe." Akageuka kutazama mti.

Kazi yenyewe tutawaeleza, kwa sababu wengi wenu mna baiskeli nyumbani na siku moja mtasimama mbele ya fundi. Mzee alianza kwa kuondoa jipu lote kwa msumeno na tupa, kazi ya zaidi ya saa moja, kwa kuwa shaba haishiki juu ya uchafu wa kuchomelea. Hapo nyuma, shingo ya kadre ina mwanya mwembamba uliotoka kiwandani. Huo si ufa, uko pale ili bulo ikikazwa pabane. Yule sudere wa kwanza alikuwa ameuziba. Ndiyo sababu bulo ililiwa meno: kijana aliikaza kwa nguvu zake zote na kiti kikaendelea kuteleza. Mzee alifungua mwanya tena. Mwisho wa ufa, pale mstari wa chaki ulipoishia, alitoboa tundu dogo la milimeta 3. Tulishtuka: kutoboa tena kilichopasuka? Alisema ufa unatembea kwa ncha yake kali, ukikuta tundu la mviringo unakosa pa kushika. Mnajua mtoto akipasuka shati mahali penye ncha, na fundi cherehani anavyokata mviringo ili lisiendelee. Ni hivyo hivyo.

Halafu alikata kipande cha bomba kutoka kadre ya zamani, akakikunja kivae shingo upande wa mbele kama kola. Ncha zake za chini alizikata ziwe nyembamba kama ulimi, hazikukatwa sawa, ili nguvu isikutane mstari mmoja. Akawasha moto. Alipasha taratibu mpaka chuma kikawa chekundu kama machungwa yaliyoiva, akachovya fimbo ya shaba ya njano katika unga mweupe wa boraksi, akaigusisha. Hapo tuliona jambo zuri. Shaba haikurundikana juu kama lile jipu. Iliyeyuka ikakimbia yenyewe kuingia chini ya kola na ndani ya ufa, kama mafuta yanavyoingia kwenye mkate. Kadre yenyewe haikuyeyuka, na ndiyo faida ya namna hii: bomba jembamba haliungui.

Kabla ya kuwasha alikuwa amemfukuza mama mwenye mtoto asimame mbali, upande ambao upepo unatoka. Moshi mweupe wa shaba ya njano si moshi wa kuni, unatia homa na kifua. Wamama wenye kupita karakana na watoto mgongoni, zungukeni.

Ilipokwisha, mmoja wetu kwa wema wake alichukua kikombe cha maji apoze. Mzee alimshika mkono. Chuma chekundu kikishtuliwa na maji kinaweza kupasuka upya. Iachwe ipoe peke yake, pasipo upepo. Na jua lilikuwa linashuka, kwa hiyo nasi tukaachwa tupoe pamoja nayo. Mke wa mzee alisema hakuna mama atakayerudi Sange na giza akimwacha yeye akitazama.

Tulilala katika nyumba ile nyeupe. Tulikula bugali wa muhogo na ndakala za Uvira zilizopikwa na nyanya na pilipili, na tulikula sana. Usiku tulikuwa na mjadala mrefu kitandani, wote watatu pamoja na mtoto: pesa hizi zitoke sanduku gani? Mama mwenye mtoto alisema jekundu, kwa kuwa baiskeli ni msaada wa wagonjwa. Mama mwekahazina alikataa: jekundu ni la taabu isiyo na mwenye kosa, na hii ina wenye kosa, tena wako hapa kitandani. Akasema zitoke kwenye faida ya kijani, na sisi tuliokataa zile franka 7,000 tuongeze hisa. Tulikuwa saba siku ile. Majina yetu hatuyaandiki, lakini tunajuana.

Asubuhi mzee alipitisha tupa ya mviringo ndani ya shingo kuondoa matone ya shaba, akatia fimbo mpya ndefu, ikaingia bila kulazimishwa. Akaweka bulo mpya. Porbagaji akaihamisha, akaifunga kwa vibano vyake yenyewe chini zaidi, kwenye yale mabomba mawili membamba ya nyuma, mbali na shingo. Tulitaka achore alama kwenye fimbo ili kiti kisiinuliwe kupita pale. Alikataa kuchora kwa tupa, akisema mkwaruzo ni mwanzo wa ufa mwingine. Aliita binti yake, akaja na chupa ndogo ya rangi ya kucha, nyekundu, akazungusha mstari. Ndiyo sababu baiskeli yetu sasa imepaka kucha.

Alitudai franka 22,000 pamoja na fimbo na bulo. Tukamuuliza kama sasa ni nzima. Hatukupata jibu tulilotaka. Alisema ni nzima ya kubeba muhogo, gunia moja si mawili. Mama mwenye mimba tusimkalishe juu yake mpaka ipite mwezi mzima, na kila wiki mtu apitishe kidole chini ya kola na kutazama rangi: ikionekana unywele katika rangi, tuilete siku ile ile, tusingoje "tak". Kwa hiyo, wamama, wale wawili wanaokaribia kujifungua mwezi ujao, tumekwisha kuongea na mwenye pikipiki wa jirani, na bei yake itatoka sanduku jekundu. Msiogope.

Kurudi tulirudi kwa zamu, mmoja akipanda, wawili wakitembea. Mmoja wetu hakuwa amepanda baiskeli tangu aolewe. Hatutasema ni nani. Alipiga kelele kutoka Kiliba mpaka darajani.

Jumatano jioni tulikwenda kwa mama wa kijana, sisi watatu, tukimsukumia baiskeli mpaka mlangoni. Tulimweleza yote: vidole viwili, chaki, rangi mbili za chuma. Tulisema kijana hana deni, na kwamba tunaomba radhi yeye na mtoto wake. Alisikiliza akiendelea kuchambua sombe. Halafu alisema: "Maneno mulisema mbele ya watu arobaini. Haya munaniambia jikoni."

Alikuwa na haki. Kwa hiyo Alhamisi chini ya mwembe mama mwekahazina alisimama, akayasema yote mbele ya wote, na kwa wale ambao hawakuwepo tunayaandika hapa: kijana hakuvunja baiskeli. Alituonya, hatukumsikiliza. Zile franka 8,000 za sudere wa kwanza, ambazo tulikuwa tumeanza kuzikata kwenye malipo yake, atarudishiwa.

Kijana alikuja mwishoni, kidevu kikiwa na kovu. Hakuzungumza. Aliinama akatazama kola ya shaba, akapitisha kidole chini yake, akapima fimbo kwa mkono mpaka kwenye mstari mwekundu, akapanda. Magoti hayakugusa usukani.

Makufuli matatu yakafunguliwa, kikwembe kikatolewa. Mama yake alikipokea kwa mikono miwili, akakikunjua, akakinusa.

"Sanduku lenu lina panya," alisema, akakaa mahali pake pa zamani.